Lenzi ya Kuvuta

Salome alikuwa mpiga picha wa harusi na vitambulisho pale Mchinga, na lenzi iliyokuja na kamera yake ilikuwa fupi. Bwana harusi akisimama mbali kidogo, alitoka mdogo kama pilipili. Jumamosi moja akaenda Lindi mjini kwa Fakihi, muuza vifaa vya kamera vilivyotumika, akaomba lenzi ya kuvuta.

Fakihi alimtolea tatu. Moja ilikuwa na ukungu ndani, ya pili haikukaa kwenye kamera yake. Ya tatu ilikuwa nzito, imechubuka rangi, lakini vioo vyake safi.

"Hii inavuta mbali," Fakihi alisema. "Ila inavuta na miaka, dada. Ukizungusha pete mpaka mwisho unafika enzi za babu yako. Wengine hawaipendi, wananirudishia."

"Picha zake kali?"

"Kali. Lakini uwe na stendi, mwanga wa zamani ni hafifu."

Salome akachukua na stendi.

Ilikuwa kama alivyoambiwa. Pete ikibaki mwanzoni, harusi ilitoka ya siku hiyohiyo. Akiizungusha kidogo, bibi harusi alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Watu waliposikia, wakaanza kuja. Restuta, mpika chapati, alitaka kuiona tena minazi ya uani kwao kabla haijakatwa. Mwalimu mmoja mstaafu alipigiwa uwanja wa shule, akamwonyesha mkewe: "Huyu mwenye kidonda gotini ndiye mimi." Marehemu nao walitokea, wakiendelea na shughuli zao, bila kugeuka kutazama kamera. Salome alichojifunza ni kubeba betri ya akiba, kwa kuwa miaka ya nyuma inakula chaji.

Ndipo akaja Bi. Kudra, mwanamke mtu mzima wa mtaa wa juu.

"Shikamoo, Bi. Kudra."

"Marahaba, mwanangu. Kuna mahali nataka unipigie, ila pana ukuta."

Ukuta ulikuwa wa hoteli ya ufukweni. Zamani hapo palikuwa nyumbani kwao, mpaka walipoondolewa asubuhi moja. Aliyejenga hoteli alisema kila alipoulizwa kwamba yeye alikuta pori.

Salome akasimamisha stendi mchangani, akazungusha pete. Ukuta ukafifia, ukaisha. Nyumba ya makuti ikatokea, mihogo imeanikwa jamvini, na mama yake Bi. Kudra akitwanga kisamvu kando ya sufuria.

Bi. Kudra aliinama kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu. "Lile sufuria nililitoboa mimi," alisema.

Picha ikasafishwa kubwa, wakaipeleka ofisi ya ardhi kudai kiwanja. Afisa akaisifu. "Inaonyesha kila kitu, mama. Lakini inaonyesha zamani, na sisi tunashughulikia kilichopo." Habari zilimfikia mwenye hoteli, akaagiza nakala yake, akaitundika mapokezi. Wageni waliipenda.

Baada ya mfungo, Bi. Kudra alirudi. "Sasa nataka ya siku tuliyoondolewa."

"Ya nini tena, Bi. Kudra? Si walishakataa?"

"Si ya kwao. Siku ile nilikuwa juu ya lori na mtoto, nimejifunika kanga usoni. Mama alitoka wa mwisho. Mpaka leo sijui aliangalia wapi."

Wakaenda alasiri. Salome alizungusha pete taratibu, akipita masika na viangazi, hadi akaliona lori. Wanaume walikuwa wakishusha makuti. Juu ya lori mwanamke kijana alikuwa amekaa, kanga kichwa kizima. Kisha mama akatoka na kikapu, akafunga mlango, ingawa nyumba haikuwa tena na paa.

Akageuka. Kati ya marehemu wote ambao Salome alikuwa amewapiga picha, huyu peke yake alitazama ndani ya lenzi. Alisimama ametulia, kama anayesubiri kupigwa picha. Salome akabonyeza.

Bi. Kudra akaiangalia picha, akaiangalia tena.

"Kumbe alikuwa anatuangalia sisi," alisema, akaitengeneza kanga yake mabegani.

Salome akainua uso kutoka kwenye kamera. Ukuta ulikuwa palepale, umepakwa chokaa mpya, na nyuma yake mtu alikuwa akimwagilia maua.