Marahaba ya Pili

Watoto wa shule pale Tlawi, Mbulu, walikuwa na mchezo wao. Wakimwona Mama Onesphory anapanda kilima na mzigo wa kuni kichwani, mmoja anatangulia: "Shikamoo bibi." Anasimama, anatua mzigo, anaitikia: "Marahaba. Marahaba mwanangu." Akishajitwisha tu, wa pili huyo: "Shikamoo bibi." Anatua tena. Wakiwa kumi, anatua mara kumi, na kila mmoja anapata marahaba mbili. Watu wazima walinong'ona kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa. Wapi! Alikuwa na akili zake zote, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake.

Jina lake Marieta, na zamani alikuwa mkali, hilo tusilifiche. Mumewe Yoakimu alipofariki, mwaka 1994, mwana wao wa pekee Onesphory hakungoja matanga yaishe. Mbolea ilikuwa haishikiki kwa bei, chama cha ushirika kimekufa, na vijana wote wanakimbilia Mererani kuchimba tanzanite. Siku ya tisa baada ya mazishi akatoka na begi lake. Mama alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

Marieta akapukuchua.

"Mama, naondoka. Shikamoo."

Baba hata hajapoa kaburini, na huyu anafuata mawe! Marieta akampa mgongo. Kijana akasimama mpaka gunzi likabaki tupu, akaamkia mara ya tatu, kisha akateremka. Mama akajiambia atamwitikia akirudi, adabu ikishamwingia.

Hakurudi, wala barua haikuja. Tangu hapo kila aliyemwamkia Marieta alipata marahaba yake, na ya pili ilikuwa ya yule aliyenyimwa. Kila Novemba katekista Renatus alipita akiandika majina ya marehemu wa kuombewa, akauliza kwa uangalifu kama na kijana aandikwe.

"Andika baba yake," Marieta alimkatiza. "Mwanangu hajafa."

Hata kanisani, sala ya Nasadiki ilipofika pale pa kungojea ufufuko wa wafu, alifunga mdomo. Wengine wangoje wafu wao. Yeye alikuwa anangoja mtu mzima wa afya.

Mwaka 2002, redio zikitangaza kwamba Mbulu si ya Arusha tena bali ya mkoa mpya wa Manyara, akaja Gerald, kijana wa Basotu aliyechimba shimo moja na Onesphory. Akakaa kwenye kigoda, akakataa chai. Marieta akajua.

"Ni kifua, mama. Mwaka tisini na nane. Tulimzika huko huko, tukamwombea. Nilikuwa naogopa kuleta habari hii, nisamehe."

"Miaka minne yote, mbona hakuja hata kunisalimia?"

Gerald akatazama chini. "Kila Krismasi alifunga begi. Halafu analifungua. Anasema, nikifika nikamwamkia mama, asipoitika tena, nitaenda wapi?"

Mbele ya mgeni Marieta hakulia. Gerald alipoondoka, aliingia zizini, akamwegemea ng'ombe, akalia mpaka sauti ikakauka. Miaka minne mtoto alikuwa hai, safari ya siku moja tu, naye amekaa anangoja aombwe radhi! Angemtuma mtu yeyote na neno moja. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Novemba Renatus alipokuja na daftari, hakuuliza kitu. Marieta ndiye aliyesema: "Mwandike Onesphory." Katekista alipokwisha kuandika, Marieta akamzuia. "Siku ya ufufuko, watu watasalimiana?"

Renatus akafunga daftari. Swali hilo hakulisoma popote. "Mama, Bwana mwenyewe alipofufuka alianza na salamu. 'Amani kwenu,' aliwaambia wanafunzi wake. Na walikuwa ni walewale waliomkimbia."

"Basi mwanangu ni mdogo kwangu. Ataanza yeye."

"Ataanza yeye, mama."

Makaburini, siku ya Marehemu Wote, padre alisoma majina. Alipofika kwa Onesphory, neno lilimpanda Marieta hadi kwenye ulimi, akalirudisha. Marahaba huitikiwa mtu akiwa amesimama mbele yako. Kesho yake, Jumapili, aliisema Nasadiki hadi mwisho, hata pale pa kungojea ufufuko wa wafu. Majuto hayakumtoka. Alirudi nayo nyumbani, na mpaka leo anaamka nayo.

Jumatatu kilimani watoto walikuwa tayari.

"Shikamoo bibi."

Akatua kuni. "Marahaba, mwanangu."

Mtoto akangoja. Wenzake nao wakangoja.

"Bibi, leo umenipa moja tu."

"Nyingine ina mwenyewe," akasema Marieta, "namwekea." Akainama, akajitwisha kuni zake.