Balbu ya Stoo

Tone la maji lilianguka gizani ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo, na Dorca akajua kitambaa alichofunika miche bado kina unyevu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Chumba chao cha Kondele hakikuwa na dirisha.

Walihamia hapo mwaka wa sitini na mbili, ziwa lilipopanda na kufunika mashamba, na sasa shamba lao la Nyamasaria ndiyo kwanza linakauka. Zadock, karani wa chifu, alikuwa ametangaza kwamba mbegu za msaada zimekwisha, na shamba litakalokutwa tupu Jumatatu atapewa mtu mwingine. Dorca alikuwa na kijiko kimoja tu cha mbegu za mboga ya sukuma wiki. Nje, bata wa mwenye nyumba walikula kila kilichochipua. Ndani, kwa kukosa mwanga, miche ilirefuka na kulala kama uzi mweupe.

Koroboi iliipaka masizi. Karabai ilikunywa mafuta kupita kiasi. Taa ndefu ya dukani ilikuwa bei ya unga wa mwezi mzima. Mwishowe Bakari, muuza vitu vikuukuu, akampa balbu kuukuu kwa bei ya mayai sita.

"Itundike shibiri moja juu ya miche, mama. Ila haijasahau ilikotoka. Ni ya stoo fulani."

Alipoiwasha, miche ilisimama. Ukutani kikatokea kivuli cha magunia thelathini yenye maandishi. Dorca akayafuata kwa kidole, kama alivyofundishwa darasa la jioni: MBEGU ZA MSAADA. HAZIUZWI. Bintiye Bilha, wa miaka mitano, akayahesabu mara mbili, kisha wakanywa uji.

Alhamisi Dorca akamwita Zadock, ambaye alivua kofia, akautazama ukuta, akaomba chai.

"Bwana karani, ulisema zimekwisha."

"Kwenye kitabu zimekwisha, mama. Na kivuli hakipigwi muhuri." Akanyoosha mkono. "Zima hiyo, unamaliza stima."

Dorca akaiziba swichi kwa mgongo.

"Nikizima, miche itakufa."

Zadock akamaliza chai yake, akaisifu miche, akaenda zake.

Jumatatu karani alikuta mistari minne ya sukuma shambani kwa Dorca, akatia alama kitabuni. Mashamba matano ya majirani yalikuwa matupu. Akayaandika kwa jina la shemeji yake, kwa mwandiko mzuri.

Jioni Dorca aliwasha balbu juu ya miche iliyobaki. Bilha akakaa kuelekea ukuta, kidole juu, akiyahesabu magunia ya kivuli kama kila jioni.

"Mama, leo wametoa magunia mengine mawili."