Mama Yumo Edani

Wallahi sikuwahi kumtukana ndugu yangu mpaka siku ile Thani wa dukani, hapa hapa mtaani kwetu Darsait, aliponiambia huku akinipimia mchele: "Mpe pole mama. Nimemuona kwenye simu. Maskini, kadhoofu."

Kamuona? Kamuona wapi? Mama yangu yumo edani! Tangu meli aliyokuwa baba injinia wake ipigwe kombora katika vita hivi visivyotuhusu, naye akafa, mama hajaonekana na mwanamme asiye maharimu wake, asiye mwanawe wala ndugu yake wa damu. Hata fundi wa eisii tulimrudisha mlangoni, na joto la Septemba lile, mama akalala na feni.

Thani akanionyesha. Mama huyo, nguo nyeupe, kichwa wazi, analia: "Hata maiti hawakunirudishia." Chini yake Kiingereza: mpigieni kura fulani awe seneta wa Iowa, akomeshe vita. Nikajua papo hapo ni kazi ya nani. Mdogo wangu Muatasim alikwenda kusoma huko kwa Wamarekani, akachukua uraia, na sasa anamfanyia kampeni huyo fulani. Mwezi uliopita alimpigia mama simu ya video, akamwambia, "Vua huo mtandio, mama, nikuone vizuri, tuko peke yetu." Mama akavua, asijue anarekodiwa. Kwa mwanawe, kwa nini asivue?

Nikampigia nimesimama mlangoni mwa duka, sijali nani ananisikia.

"Iondoe!"

"Dada Nadra, nisikilize. Wagombea wamekabana. Watu huku hawajui kama tunakufa. Wakimuona mama..."

"Washamuona! Thani kamuona! Huna haya wewe?"

"Imebaki wiki moja. Akishinda, atavipinga vita hivi. Wewe hutaki vikome?"

"Nataka! Baba yangu kafa, nitaachaje kutaka? Lakini ungemuomba ruhusa mwenyewe."

"Angekataa."

Mwanahizaya! Kumbe alijua.

Mama nilimwambia mimi. Ningemficha vipi, na mtaa mzima una simu? Akaitazama mara moja, mpaka mwisho. Nilikuwa nangoja apige kelele, apigane na mimi, avunje kitu. Akajifunika ukaya mpaka puani. "Mwambie aiondoe," akasema. Nikamwambia. Siku saba nilimwambia, kila nikitoka kusali, na kila siku jibu lake lile lile: bado kidogo, dada, bado kidogo.

Jumatano asubuhi mama anakunywa chai, simu yake ikalia. Muatasim. Anacheka na kulia kwa pamoja, nyuma yake Wamarekani wanapiga makofi.

"Tumeshinda! Mama, tumeshinda! Ni wewe uliyetushindia! Mbona kioo cheusi? Mama, sikuoni!"

Mama alikuwa keshaigeuza simu kifudifudi juu ya kitanda. Chai ilikuwa imemmwagikia kwenye nguo yake nyeupe.

"Nadra," akasema, "muulize huyo anamtaka nani."

"Mama, mimi! Muatasim! Mwanao!"

Kule makofi yalikuwa hayajesha. Mama aliyangoja yapungue.

"Mwambie nimo edani. Sionekani na wanaume wasio maharimu wangu."

Nikaiokota simu, nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno.