Uzio Katika Njia ya Ng'ombe

Mwikwabe alijua tangu Agosti, na kujua huko ndiko kulikomtafuna.

Wapimaji walipofika kijijini kwao, karibu na Nyamuswa, ng'ombe wote walikuwa wamehamia ziwani Bukima kukimbia ukame. Mwikwabe, mwenyekiti wa kamati ya ardhi, ndiye aliyewatembeza uwandani. Walitafuta pa kujenga mitambo ya umeme wa jua, ili majenereta ya dizeli yazimwe na moshi wake, unaochangia ukame, ukome. Aliwaunga mkono kwa moyo wote. Ukame uliomaliza ndama wake saba haukuwa hadithi ya redioni. Kwenye fomu palikuwa na swali: njia ya mifugo ipo? Akatazama chini. Upepo ulikuwa umefuta nyayo zote. Akaogopa mradi usije ukahamia kijiji kingine, akaandika "hakuna".

Mwoga mkubwa! Angesema neno moja tu, wangeacha nafasi ya njia.

Novemba mvua zikanyesha. Kaka yake, Enos, akarudi na ng'ombe wa ukoo, themanini na wawili, wamekonda, wakinusa maji ya lambo lililo ng'ambo ya uwanda. Wa mbele akagota kwenye waya mpya wa uzio wa mradi. Wengine wakasukumana nyuma yake, wakilia.

"Hapa tulikuwaga tunapita tangu enzi za babu," Enos alimwambia Faustine, msimamizi wa ujenzi. "Nani alikwambia hakuna njia?"

Faustine akafungua faili lake. "Mzee, tungejua tungeacha nafasi. Karatasi inasema hakuna. Kuibadilisha sasa ni mpaka mkutano wa kijiji."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mwikwabe iliishia pale kwenye waya. Alikuwa amesimama kando yao, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Ni mimi niliandika, kaka," akasema. "Na nilijua."

Enos hakugomba. Laiti angegomba! Alimkabidhi mdogo wake fimbo.

"Wazungushe kwa barabarani. Ni mwendo wa saa tatu huo, na wamechoka. Na kila atakayekuuliza mbona mnapita huku, mwambie."

Mwikwabe akawaswaga ng'ombe. Kwenye nyumba ya kwanza Mama Wegesa alikuwa akianika mtama.

"Shemeji, mbona leo mnapita huku?"

Akamweleza yote, bila kujitetea. Mama Wegesa akaacha kuanika. Mbele, hadi kufika majini, zilibaki nyumba kumi na tisa, na watu walikwisha kutoka nje kutazama.