Mfereji Uliopinda

Siku hiyo mjinga alikuwa Projest, na mwenyewe hakatai. Hata leo ukimkuta kijijini kwake Ihanda atakwambia kabla hujauliza.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Uani, kwenye turubai, binti yake Ainembabazi, wa miaka saba, aliyezaliwa na hali ya Down, alikuwa akipindua kahawa iliyoanikwa kwa nyayo. Huburuza miguu taratibu kutoka pembe hadi pembe, nyuma yake inabaki mifereji miwili, kama njia za konokono waliopatana. Projest aliketi mlangoni, usingizi haujamtoka, akiitazama ile miguu ikienda, ikirudi, ikienda, mpaka akajiona naye anaelea juu ya ile kahawa, hana uzito.

Kisha mfereji mmoja ukaanza kupinda. Mguu wa kushoto ulikuwa unabaki nyuma, na kichwa kimeinamia begani, kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

"Mama Aine," Projest akamwita mkewe Benadeta, "nani kampa mtoto rubisi asubuhi yote hii?" Akainuka, akauigiza ule mwendo wa kilevi. Mtoto akacheka naye, akaanguka.

Benadeta hakucheka. "Wiki ya pili hii vifungo vinamshinda. Na kitanda analowesha, jambo aliloliacha zamani."

"Kalalia shingo vibaya. Nitampeleka kwa mzee Kahigi, yule muunga mifupa, aivute kidogo."

"Iguse hiyo shingo uone," alisema Benadeta, tayari anajifunga kitenge.

Kwenye kituo cha afya, daktari Verdiana naye hakuivuta shingo wala kuipinda. Alimtazama Ainembabazi akitembea. Akampa kifungo afunge, akampa vidole vyake viwili avibane kwa nguvu. Akamgonga goti kwa kinyundo cha mpira, na mguu ukaruka juu kupita kiasi.

"Tena," alisema Ainembabazi, kafurahi.

Daktari hakurudia. Alimlaza chali polepole, akamvalisha kola ya shingo.

"Baadhi ya watoto wa Down," alisema, "kano zinazoshika pingili za juu kabisa za shingo huwa zimelegea. Pingili ikicheza, inabana mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake. Mguu, vidole, mkojo, vyote vinatoka huko. Huyo mzee aliyemtaja Mama Aine angeivuta shingo, pengine mtoto asingesimama tena. Gari linakuja, anakwenda hospitali kubwa leo."

Chumba kikawa chepesi, kikaelea. Projest akashika ukingo wa kitanda na kufanya alichozoea kila anapoogopa: kubisha.

"Daktari, kahawa iko nje na mvua inanukia. Twende Jumatatu. Halafu mwaka jana mlimpiga picha ya eksirei hapahapa, mkasema shingo haina tatizo."

"Ile picha ilikuwa ya mtoto anayetembea vizuri, Baba Aine. Kama unaye huyo nyumbani, mlete Jumatatu. Huyu anaondoka sasa."