Fremu Iliyofungwa Mpira

Siwema alikuwa amepiga magoti kwenye gunia, akisugua kwa msasa kiungo cha fremu nyembamba, pale mabomba ya juu na ya chini yanapokutana na kichwa cha usukani. Kila alipopuliza vumbi alizidi kutoelewa. Chuma kilikuwa kizima. Lakini na ile iliyovunjika Jumapili aliiona nzima vilevile, tena ilikuwa nene kuliko hii, na nzito, na aliichagua mwenyewe kwa unene huohuo.

"Dada, hiyo unaisugua mpaka itoboke," alisema Erasmo, mdogo wake, aliyekaa juu ya kreti la soda. Alikuwa anaongea kwa kubana midomo kwa sababu kidevu chake kilikuwa na nyuzi na jino moja la mbele halikuwepo.

"Ikitoboka kwa msasa, si ya kwako."

Kibanda chao kilikuwa nyuma ya stendi ya Mbinga, mahali ambapo bodaboda hupumzika zikisubiri mabasi. Siwema hakusomea ufundi popote. Alianza kwa kuziba pancha za baiskeli za wabeba kahawa, akaja kujua springi, rimu na foku, na alichokijua alikijua kwa kufungua na kufunga mpaka kitu kikubali. Hakuwa mtu wa kusema hovyo. Mteja akimuuliza jambo, humjibu baada ya kuzunguka baiskeli kwanza.

Erasmo yeye alikuwa na mchezo wake. Aliuona kwenye simu, akaupenda kuliko mpira wa miguu: mtu anasimama juu ya pedeli za baiskeli isiyo na siti, anaruka nayo kutoka jiwe hadi jiwe, na mguu ukigusa chini anapoteza pointi. Alijifundisha kwenye kingo za ngoro, yale mashimo ya kuzuia udongo usisombwe na mvua, katika shamba la mahindi la mama yao, mpaka mama akamfukuza kwa jembe. Akahamia kwenye mawe ya mtoni, chini ya kijiji cha Mapera. Na sasa vijana wa ufukweni walikuwa wameandaa tamasha Mbamba Bay, Jumamosi ya wiki ijayo, juu ya yale majabali makubwa yanayoingia ziwani. Jina la Erasmo lilikwisha kuandikwa.

Ndipo ikaja Jumapili. Aliruka kutoka jiwe refu, gurudumu la mbele likatua vizuri kabisa, na fremu ikaachia palepale kwenye kichwa. Usukani ukaenda na gurudumu lake, Erasmo akaenda na kidevu. Daktari aliyemshona alisema jeraha lingekuwa chini kidogo tu, wangekuwa wanazungumza lugha nyingine. Mama yao hakugomba. Alimwambia Siwema neno moja: "Ile uliichagua wewe. Na hii ijayo utaichagua wewe."

Neno hilo lilikuwa limemkaa Siwema kooni kama mwiba wa mbasa, samaki wa ziwani.

"Mimi nimeshachagua," Erasmo alisema, akiinyooshea kidole fremu ya rangi ya fedha iliyoegemezwa ukutani. Ilikuwa ya mtumba, nyepesi, inang'aa kama sufuria jipya. "Kizuri chajiuza. Hii nainyanyua kwa kidole."

Siwema alitoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye bomba. Ikaanguka. Akaiokota, akaigusisha tena. Ikaanguka tena.

"Si chuma. Hii siwezi kuichomelea hapa. Na nasikia haipindi kwanza ikakuonya, inakatika tu."

"Unasikia, au unajua?"

Siwema alifikiri. "Nasikia," alikiri.

"Haya! Na ile nene ulisikia au ulijua?"

Kicheko kilitoka upande wa pili wa turubai. Ottilia, muuza samaki, alikuwa anapanga dagaa wake kwenye ungo na masikio yote yalikuwa huku. "Mwache mwenzio, Erasmo! Nyie Wamatengo mnajua kuchimba mashimo tu, vyuma mtavijulia wapi? Chukueni ya mume wangu hiyo nyembamba. Imepandisha samaki kutoka ufukweni mpaka Tingi kule juu mlimani, mvua na jua, na haijawahi kulalamika."

"Inanuka, dada Ottilia," Erasmo alisema.

"Ikinuka ndiyo nzuri. Majaji watakaa mbali, hawataona mguu wako ukigusa chini."

"Nyie wa ziwani mnaozesha samaki na baiskeli kwa pamoja," Siwema alimrudishia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. Lakini mkono wake ulirudi kwenye fremu nyembamba. Rangi ilikwisha kutoka yote. Bomba la chini lilikuwa na kibonyeo. Kila kovu lilikuwa nje, mtu anaweza kuligusa. Kwa nini basi hakuweza kuiamini? Kwa sababu ni nyembamba. Na ile nene aliiamini kwa nini? Kwa sababu ni nene. Alijisikia kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango alioingilia.

Wakati huo bodaboda ilisimama, akashuka Mzee Urbani, kaka mkubwa wa marehemu baba yao, mkulima wa kahawa wa Mapera. Nyuma ya pikipiki ilikuwa imefungwa fremu kwa kamba.

"Shikamoo Baba Mkubwa," walisema pamoja.

"Marahaba wanangu. Kidevu kinasemaje?"

"Kinakula uji, Baba Mkubwa."

"Kitakula na nyama." Mzee aliifungua kamba mwenyewe, hakutaka dereva amsaidie, akaileta fremu akiwa ameikumbatia kwa mikono miwili. "Nimesikia mnahangaika. Haya. Hii imebeba magunia ya kahawa miaka na miaka, haijawahi kutikisika. Ni ya milimani, fupi, ya chuma. Nampa mwanangu."

Fremu yote, kuanzia kichwani hadi kwenye uma wa nyuma, ilikuwa imevingirishwa kwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi, mzunguko ukilalia mzunguko, bila mahali palipolegea, kama vile watu wa huko wanavyofanya kwa baiskeli wanayoithamini ili isichubuke. Hata rangi yake haikujulikana. Siwema aligusisha sumaku juu ya mpira, ikanata.

Ottilia alikuja na mikono yake yenye magamba kutazama. "Ee! Hii imevaa koti. Hapa hata mimi nanyamaza."

Erasmo aliinyanyua, akaishusha. "Nzito kidogo. Lakini hii ni ngumu, dada. Ona."

Wote waliona. Siwema naye aliona, akahisi mabega yakimshuka. Hatimaye mtu mzima, mwenye akili zake, ameleta kitu kilichokwisha kujaribiwa. Alichukua spana akaligonga bomba la chini, kama anavyofanya kwa kila fremu. Ile nyembamba ya samaki ilikuwa inalia kama kengele ndogo. Hii ilisema *dup*. Akagonga tena. *Dup*.

"Ni mpira unaomeza sauti," alisema Mzee Urbani.

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

Ni kweli, ni mpira. Lakini ile *dup* alikuwa ameisikia kabla. Aliinuka, akaenda kwenye msumari ambako vipande viwili vya fremu ya Jumapili vilikuwa vinaning'inia, akavishusha. Tangu siku ile hakuwa amevitazama sawasawa. Kila alipovitazama aliona kidevu cha Erasmo. Na Siwema mwenyewe alikuwa ameifunga ile fremu kwa mpira, jioni nzima, kwa upendo, ili mawe yasiichubue. Masalia ya utepe yalikuwa bado yamebana pande zote mbili za pale ilipovunjika. Aliyafungua taratibu, akageuza mdomo wa bomba kuelekea mwanga.

Hakuelewa. Akaugeuza tena.

Mkato haukuwa na rangi moja. Upande wa juu ulikuwa unang'aa, mweupe, wa Jumapili. Upande wa chini ulikuwa mweusi na wenye kutu, kama jeraha la zamani.

"Erasmo. Njoo uone. Hapa palivunjika lini?"

"Jumapili, dada. Nilikuwepo."

"Hapa panapong'aa, ndiyo. Na hapa peusi?"

Erasmo alisogeza uso karibu. Ottilia alichungulia juu ya bega lake. "Huo ni wa siku nyingi," alisema, safari hii bila utani. "Maji yameshaingia humo yakakaa."

"Lakini nilikuwa naikagua kila Jumamosi," Siwema alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza. "Kila Jumamosi nilipitisha mkono hapa."

Alipitisha mkono hewani, kama alivyokuwa akifanya, na mkono huo ukakumbuka ulichokuwa ukigusa. Ulikuwa unagusa mpira. Ufa ulikuwa unakua chini ya koti, na yeye akilipapasa koti na kuliona zuri.

Kisha macho ya wote, moja baada ya jingine, yakaenda kwenye fremu ya Mzee Urbani.

Kuomba zawadi ya mtu ivuliwe nguo mbele yake si jambo dogo. Siwema alifuta mikono kwa tambara, akachuchumaa mbele ya mzee, maana mzee alikuwa ameshakaa kwenye benchi.

"Baba Mkubwa, samahani. Naomba ruhusa niukate huu mpira nitazame kichwa chake."

Mzee Urbani alimtazama kwa muda. "Unadhani nimekuletea kibovu?"

"Hapana, Baba Mkubwa. Sijui ulichoniletea. Na wewe hujui. Hilo tu."

"Mimi sijui? Fremu yangu?" Mzee aliweka mikono magotini. "Mpira huu aliufunga mama yenu mkubwa, Hilda. Kahawa ilikuwa imezaa vizuri mwaka huo, nikanunua baiskeli, akasema hii isije ikachakaa kama ya watu wengine. Alifunga tangu asubuhi mpaka watu wanarudi shambani. Hakuna mkono mwingine uliougusa. Na sasa yeye yuko pale kanisani Mapera, chini ya msalaba. Wewe unaniletea kisu."

Siwema aliinamisha kichwa. Mama mkubwa Hilda ndiye aliyemfundisha kushona. Angekuwa hai, angesema nini? Angekasirika? Au angekuwa wa kwanza kusema kata? Alijaribu kumsikia, hakumsikia. Alichokiona ni Erasmo juu ya jabali, ziwa chini yake, na gurudumu la mbele likitua.

"Basi nichukue ile ya fedha," Erasmo alisema polepole, akitaka kuwaokoa wote wawili. "Haina mpira. Yaishe."

"Haina mpira, na siijui pia," Siwema alisema. "Kila moja siijui kwa namna yake. Kichwa kinaniuma, Erasmo, usinisukume."

Mzee alikuwa anakitazama kidevu cha kijana, zile nyuzi nyeusi. Alitazama muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono.

"Kisu hapana," alisema. "Nipe hapa. Kilichofungwa kwa mkono kifunguliwe kwa mkono."

Aliilaza fremu magotini, akaanza kutafuta mwisho wa utepe. Hakuupata mapema. Hilda alikuwa ameificha ncha yake chini ya mzunguko wa mwisho, karibu na uma wa nyuma, na mpira ulikuwa umegandana kwa miaka. Siwema alidondoshea mafuta ya taa, mzee akavuta kwa kucha, na mpira ukaachia kwa sauti ya kubanduka. Chini yake chuma kilikuwa cha buluu. Buluu mbichi kabisa, kama ya dukani.

"Mnaona?" alisema mzee, na macho yake yalilegea. "Nilisahau kama ilikuwa ya buluu."

Alifungua akielekea mbele, akiuviringisha utepe kwenye mkono wake kadiri ulivyotoka. Buluu iliendelea. Erasmo alianza kuchekacheka. Ottilia aliuza samaki wawili bila kuondoa macho. Walipokaribia kichwa, upande wa ndani wa mpira ukaanza kuonyesha madoa mekundu, na pale kwenye kiungo cha bomba la chini, mahali palepale, ulikuwepo mstari mwembamba wa rangi ya kahawia, mfupi kuliko ukucha.

Mzee aliacha kuvuta. "Hiyo ni nini?"

"Sijui," Siwema alisema. Alisugua kwa kidole. Haukutoka. Labda ni kutu ya juu tu, jasho la mpira. Labda rangi imepasuka na chuma kizima. Labda ni ufa.

"Si umeuona? Sema basi."

"Nikisema sasa nitakuwa nabahatisha, Baba Mkubwa. Mara ya kwanza nilibahatisha." Alichukua tambara, akalilowesha mafuta ya taa, akalifunga juu ya mstari. "Haya yalale hapa mpaka asubuhi. Kama ni ufa, yatauingia. Kesho nitayafuta yakauke, nipake chaki nyeupe. Mafuta yakitoka ndani na kuchora mstari kwenye chaki, tumejua. Chaki ikibaki kavu, ni kutu, tutaisugua. Na hii ya dada Ottilia nitaifanyia hivyohivyo. Zilale pamoja."

"Na ya fedha?" Erasmo aliuliza.

"Na ya fedha. Zote."

"Na zote zikichora mstari?"

Siwema alimtazama. Hilo alikuwa hajalifikia.

Dereva wa bodaboda alipiga honi; mawingu yalikuwa yanashuka upande wa Mapera na njia ile ikilowa haipandiki. Mzee Urbani alisimama. Utepe wa mkewe ulikuwa bado umezunguka mkononi mwake, na mwisho wake mwingine bado umeshika kichwa cha fremu, maana hawakuwa wamemaliza. Alisita, asijue aukate au auache. Mwishowe aliuvua mkononi, akauning'iniza kwenye bomba la juu, kwa uangalifu, kama mtu anayetundika koti la mwenye nyumba.

"Hicho kipande kilichobaki msikiguse mpaka nije kesho," alisema. "Na hiyo chaki usiipake nikiwa sipo."

"Sitaipaka, Baba Mkubwa."

"Ikichora, uniambie. Usinifiche kwa sababu ya mama yenu mkubwa."

"Utaiona mwenyewe."

Pikipiki ikaondoka. Matone ya kwanza yalianza kugonga bati, na Ottilia akawa anafunika ungo wake huku akilaani mawingu ya milimani. Siwema na Erasmo waliziingiza fremu tatu ndani, wakazilaza kwenye gunia, kila moja na tambara lake lenye mafuta ya taa. Erasmo aliinama, akainusa ile ya samaki, akakunja uso.

Siwema aliitafuta chaki, akaipata chini ya spana, akaiweka juu ya kopo karibu na mlango.