Kitambaa cha Mchoro Namba 212

Nilipanda ngazi za ofisi ya uchoraji kwa mara ya kwanza tangu nistaafu. Nilikuwa nimesikia kwamba kiwanda chetu cha mashine hapa Kolhapur, India, kimeingiza michoro yote kwenye kompyuta, na ile ya zamani inaharibiwa wiki hii. Nilitaka mmoja tu: namba 212, rola ya juu ya mashine ya kukamua miwa.

Ketaki, mkuu wa wachoraji siku hizi, aliinama akanigusa miguu kwa heshima.

"Mzee Ghatge! Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kuomba."

"Wewe, kuomba? Ngoja nikae kwanza."

Nilimtajia namba. Aliutafuta, akaukunjua mezani. Niliuchora kwa penseli kwenye karatasi nikiwa kijana, mchana nabeba mchanga wa kalibu za kusubu chuma, usiku nasoma jiometri. Sulabha Kadam, mnakili wa ofisi yetu, akaunakili kwa wino juu ya kitambaa chembamba kilichotiwa wanga. Chini pembeni: Imechorwa, Y.G. Imenakiliwa, S.K. Kwa miaka tisa, mchoro baada ya mchoro, herufi zetu zilikaa katika vyumba viwili vya jedwali vilivyopakana, ukuta wake mstari mmoja wa wino. Sisi wenyewe hatukuwahi kukaribiana hivyo.

"Hii ni tatu au nane, bwana msomi?" Sulabha alikuwa akiniuliza, kisha anacheka.

Nilichotaka kumwambia nilikiahirisha mpaka nipate cheti. Nilipokipata, alikwisha olewa Nagpur, mji wa mbali. Nami nilioa, nikalea, na mke wangu nilimheshimu mpaka nikamzika. Hata hivyo, namba 212 sikuisahau.

"Lakini mzee, sheria inasema mchoro ukishabadilishwa, wa zamani hautoki humu ukiwa mzima," alisema Ketaki.

"Naijua. Niliiandika mimi."

Niliiandika baada ya fundi mmoja kufuata mchoro wa zamani, akatoboa rola kumi na moja mahali pasipo pake. Zote zikarudi tanuruni kuyeyushwa upya.

"Basi uweke kwapani, mimi naangalia dirishani."

Niliukunja mara moja. Mkono wangu ulikuwa tayari kuuficha. Kisha nikaukunjua, nikasema:

"Kesho mjukuu wangu atauonyesha kwa fundi wa mtaani, atengeneze rola."

"Mjukuu wako si daktari wa meno?"

"Ndiyo maana namwogopa."

Enzi zetu wanawake wa ofisini walivifua vitambaa vya michoro iliyobatilishwa. Wanga ukitoka, wino hutoka nao, kikabaki kitambaa laini cha kushonea nguo za watoto wachanga. Sheria yangu ilikubali: mchoro uliofuliwa ni mchoro uliokufa.

"Niletee beseni la maji ya vuguvugu," nikasema.

"Na majina yatatoka, mzee."

"Yatatoka."

Rola ilifutika kwanza, kisha vipimo. Nilisugua kila mahali, ile pembe yenye herufi zetu nikaishika nje ya maji. Ketaki alisimama kama shahidi, kisha akashindwa kuvumilia.

"Mzee, na hapo..."

"Usinifundishe kazi, binti."

Nikaitumbukiza. Wino ulipoanza kuachia ndipo nilipotambua kwamba herufi zote nne ziliandikwa na mkono wa Sulabha. Hata Y.G. Mara ngapi alikuwa ameliandika jina langu, na mimi nikitazama vipimo tu?

Tulitia saini kwenye daftari la michoro iliyoharibiwa. Nyumbani nilikianika kitambaa uani. Kilikauka kabla ya chai ya jioni, cheupe, chepesi, na sikujua nikifanyie nini.